Nyumba Inayojiendesha Lubumbashi: Maji na Umeme Kwanza, Taa Baadaye

Miongozo mingi ya nyumba inayojiendesha huanza na taa ya kuwashwa kwa simu. Kwa Lubumbashi huo ni mwanzo mbaya. Taa unaiwasha kwa kidole na maisha yanaendelea. Kinachosumbua ni umeme unaorudi saa 8 usiku wakati watu wamelala na tangi la juu ni tupu. Unaamka saa 12 asubuhi uwashe pampu, unakuta delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) imeshapita tena. Au umeme unarudi na volti 165, pampu inanguruma bila kuzunguka, na koili zake zinanuka.

Mfumo tunaoueleza hapa unajibu swali moja: umeme ukirudi, nini kiwake, baada ya muda gani, na nini kisiwake kabisa? Ukishalijibu hilo vizuri, taa, kengele na mengine yote ni nyongeza rahisi.

Tumechukulia lupango (kiwanja chenye nyumba) la kawaida: tangi la chini au kisima, pampu ya umeme ya HP 1 juu ya ardhi, tangi la plastiki la lita 1000 juu ya mnara, nyumba ya tofali za kuchoma na mabati. Pampu isivute maji moja kwa moja kutoka bomba la mji. Bomba lijaze tangi la chini lenyewe kwa mgandamizo wake, kisha pampu ipandishe. Ukivuta bomba moja kwa moja unanyonya uchafu kupitia kila ufa njiani, na jirani anakosa.

Kazi ya volti 220 inaua. Kama hujawahi kufunga disjonkta (kikata umeme) kwa mkono wako, sehemu ya sanduku la pampu mwachie fundi umeme, wewe kaa naye na mchoro.

Sanduku la pampu

Anza hapa, kabla hujanunua kompyuta yoyote. Kanuni ya sanduku hili ni kwamba usalama wote uko ndani ya waya. Kifaa cha elektroniki kinaruhusu tu. Kikifa, kikichanganyikiwa au kikiibiwa, maji hayamwagiki na pampu haiungui.

Vinavyohitajika:

- disjonkta ya nguzo mbili, A 10, aina C, na diferensiali (inayokata umeme ukivuja) ya mA 30
- kontakta (swichi kubwa inayovutwa na koili) ya A 25, koili ya volti 24 AC, na transfoma ya 220/24 yenye VA 63
- rele ya joto inayorekebishwa (hukata pampu ikivuta mkondo kupita kiasi), ambayo mkondo wa pampu yako uangukie katikati ya kipimo chake (HP 1 ya fazi moja huvuta karibu A 5 hadi 6, soma kibati cha pampu)
- boya mbili za waya (swichi zinazoelea), moja kwa kila tangi
- swichi ya nafasi tatu: MKONO, 0 (imezimwa), OTO (yenyewe)
- fyuzi ya A 2 kwa upande wa pili wa transfoma
- sanduku la plastiki IP65 (lisilopitisha vumbi wala maji) lenye mipira ya kubana waya
- waya wa mm² 2.5 kwa pampu, mm² 1 kwa boya na amri

Kwa nini kontakta, wakati bodi ya rele imeandikwa A 10 na pampu inavuta 5 tu? Kwa sababu pampu inapoanza huvuta mara nne hadi saba ya mkondo wake wa kawaida. Rele ndogo inavumilia wiki chache, kisha midomo yake inagandana ikiwa imefungwa. Ukitoa amri ya kuzima unasikia mlio wa rele, lakini pampu inaendelea. Hilo ndilo kosa la kwanza la wanaofunga wenyewe, na hutokea usiku.

Kwa nini koili ya volti 24? Kwa sababu waya za boya zinalala ndani ya maji mnayokunywa. Boya za volti 220 zinafanya kazi, wengi wanazitumia, lakini ganda la waya likichubuka kwenye ukingo wa tangi, tegemeo lako ni diferensiali peke yake.

Njia ya amri inapita hivi, kitu kimoja baada ya kingine: volti 24 kutoka transfoma, fyuzi, boya la tangi la juu, boya la tangi la chini, swichi ya nafasi tatu, mguso wa rele ya joto (namba 95 na 96), kisha A1 ya koili. A2 inarudi transfoma. Kwenye swichi, upande wa MKONO unapita moja kwa moja. Upande wa OTO unapitia kwanza mguso wa rele ya elektroniki. Angalia vizuri: hata kwenye MKONO, boya zote mbili bado zinalinda. Mafundi wengine huweka MKONO uruke kila kitu, "kwa dharura". Usikubali. Hapo ndipo mtoto anapowasha pampu na tangi la chini likiwa tupu.

Boya la juu lifungue njia tangi likijaa. Boya la chini lifungue njia maji yakiisha. Rangi za waya za boya hazina uhakika, kila kiwanda na zake. Weka multimita kwenye mlio, inua boya, shusha boya, andika kwenye karatasi ni waya zipi mbili zinalia wakati gani. Urefu wa kamba kati ya boya na kizito chake ndio unaoamua pampu irudi kuwaka lini. Kamba ya sm 10 itawasha pampu kila mtu akioga. Sm 40 inaipa pampu mapumziko. Kwa tangi la lita 1000 lenye kipenyo cha m 1.1, kila sentimita ni karibu lita 9.5. Boya likicheza sm 40 juu na sm 40 chini ya kizito, ni lita 760 kati ya kuzima na kuwaka.

Kwenye vituo vya koili, funga kizimacheche: kapasita ya µF 0.1 na rezista ya Ω 100 zilizofuatana. Bila hicho, koili ikizimwa hutoa mshindo unaoweza kuiwasha upya ESP32 (kompyuta ndogo tutakayoiongeza baadaye) iliyo pembeni.

Jaribu sanduku zima kwa swichi ya MKONO kwa siku chache kabla ya kuongeza elektroniki. Kama tangi linajaa na kujizima lenyewe, hatua ngumu imekwisha.

Betri na ubongo

Ubongo ni Raspberry Pi 4 (kompyuta ya bodi moja, hapa "Pi") yenye Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumba. Hifadhi iwe SSD ya USB, si kadi ya SD: kadi zinakufa kwa kukatiwa umeme zikiwa zinaandika, na hapa zitakatiwa.

Betri ikokotoe, usibahatishe. Pi inakula karibu W 5, ruta W 7, vifaa vidogo vyote W 2: jumla W 14. Betri ya LiFePO4 (aina ya lithiamu) ya volti 12.8 na Ah 20 ina Wh 256. Ukitumia asilimia 90 unapata kama saa 16. Ya Ah 50 inakupa saa 41. Sasa geuza hesabu: kama mtaa wenu unapata umeme saa 4 tu kwa siku, saa 20 zilizobaki zinakula Wh 280, yaani karibu Ah 22. Chaja ya A 5 kwa saa 4 inaleta Ah 20, na sehemu yake inaliwa na mzigo ukiwa unachaji. Kila siku unarudi nyuma kidogo, na mwisho wa wiki mfumo unazima bila sababu ya kuonekana. Nunua chaja ya A 10, ya LiFePO4, yenye volti 14.4 hadi 14.6. Chaja ya betri ya gari inayotoa zaidi ya hapo itafanya ulinzi wa ndani wa betri ukate.

Usiunganishe ruta moja kwa moja kwenye betri. Inaandikwa volti 12, lakini betri ikichaji inafika 14.6, na ruta za bei rahisi hazina nafasi hiyo. Weka kibadilishaji kinachotoa volti 12 kamili, kiingiacho kikipanda au kikishuka. Pi inataka volti 5.1 na A 3. Tumia kishusha volti cha A 5 na waya mfupi, mnene. Ikishuka chini ya volti 4.63, Pi inajipunguza mwendo na kuandika onyo la volti ndogo. Ukiliona, lawama iende kwa waya kwanza, si kwa Pi. Fyuzi ya A 10 ikae kwenye waya chanya, sm 15 kutoka betri, si mwisho wa waya.

Mambo ya data: kupakua Home Assistant na zana za ESPHome (za kuandikia programu ya ESP32) kunakula zaidi ya GB 1 kwa urahisi. Tenga GB 3, au fanya kazi hiyo mahali penye intaneti ya bure, kisha zima masasisho ya kujiendesha. Sasisho likianza saa 3 usiku na forfeti (kifurushi cha data) ikaishia katikati, asubuhi unaamka na mfumo uliosimama nusu.

Mlinzi wa umeme: ESP32 na PZEM

Hiki ndicho kifaa kinachosema "sasa umeme ni mzuri". Ni ESP32 DevKit, kipimo cha PZEM-004T toleo la 3, bodi ya rele moja, na kishusha volti cha kutoa 5 kutoka betri ya 12. Kilishwe na betri, si na umeme wa ukutani, ili kiwe hai umeme unapokatika na unaporudi.

PZEM inapima volti 80 hadi 260. Vituo vyake vya volti vifungwe baada ya disjonkta kuu, kabla ya kontakta. Pete yake ya kupima mkondo ipite waya wa fazi ya pampu peke yake. Ukipitisha fazi na nyutro pamoja ndani ya pete, itasoma sifuri daima, na utadhani kifaa ni kibovu. Upande wa mawasiliano wa PZEM unatumia volti 5, ESP32 inatumia 3.3: weka kati yao moduli ndogo ya kubadilisha kiwango. Wengine huunganisha moja kwa moja. Inasoma leo, kesho inakataa.

Rele iwekwe pini 26. Usitumie pini 0, 2, 12 wala 15, kwa kuwa ESP32 huzisoma inapowaka na inaweza kukataa kuanza. Pini 34 hadi 39 zinapokea tu, hazitoi amri. Na chagua bodi ya rele inayowashwa kwa volti ya juu; zile za volti ya chini huruka mara moja kila kifaa kinapoanza.

Hii ndiyo programu ya ESPHome:

```yaml
esphome:
  name: pampu
esp32:
  board: esp32dev
logger:
ota:
  - platform: esphome
wifi:
  ssid: "JinaLaWifi"
  password: "nenoLaSiri"
  reboot_timeout: 0s
api:
  reboot_timeout: 0s
uart:
  rx_pin: GPIO16
  tx_pin: GPIO17
  baud_rate: 9600
modbus:
globals:
  - id: kufuli
    type: bool
    restore_value: true
    initial_value: 'false'
sensor:
  - platform: pzemac
    update_interval: 5s
    voltage:
      name: "Volti"
      id: volti
      filters:
        - timeout:
            timeout: 20s
            value: 0
    current:
      name: "Ampea"
      id: ampea
      filters:
        - timeout:
            timeout: 20s
            value: 0
binary_sensor:
  - platform: template
    name: "Umeme mzuri"
    id: umeme_mzuri
    lambda: |-
      float chini = id(rele).state ? 180 : 200;
      return id(volti).state > chini && id(volti).state < 245;
    filters:
      - delayed_on: 5min
      - delayed_off: 10s
  - platform: template
    name: "Pampu imezidi muda"
    lambda: 'return id(ampea).state > 1.0;'
    filters:
      - delayed_on: 45min
    on_press:
      - globals.set:
          id: kufuli
          value: 'true'
switch:
  - platform: gpio
    pin: GPIO26
    id: rele
    name: "Ruhusa ya pampu"
    restore_mode: ALWAYS_OFF
button:
  - platform: template
    name: "Fungua kufuli"
    on_press:
      - globals.set:
          id: kufuli
          value: 'false'
interval:
  - interval: 10s
    then:
      - if:
          condition:
            lambda: 'return id(umeme_mzuri).state && !id(kufuli);'
          then:
            - switch.turn_on: rele
          else:
            - switch.turn_off: rele
```

Kila namba humo ina sababu yake.

Dakika 5 za kusubiri ni kwa ajili ya mtaa mzima. Umeme ukirudi, friji, resho (majiko ya umeme) na pampu za nyumba zote zinaanza kwa pamoja, volti inashuka, na mara nyingi umeme unaondoka tena ndani ya dakika mbili. Anayesubiri anaepuka mshindo huo.

Volti 200 ya kuanza na 180 ya kuzima ni tofauti kwa makusudi. Pampu ikianza, volti ya nyumba inashuka kwa muda. Kama waya kutoka kwenye nguzo ni mrefu au mwembamba, inashuka sana. Ukiweka kizingiti kimoja, pampu itawaka, volti itaanguka chini ya kizingiti, pampu itazima, volti itapanda, na mchezo utaanza upya. Kontakta nayo inahitaji karibu asilimia 85 ya volti yake ili ivute vizuri, yaani takriban 187 kwa mfumo wa 220. Chini ya hapo inatetemeka, inalia kama nyuki, na midomo yake inaungua. Ndiyo maana hatuanzi chini ya 200 kamwe.

Dakika 45 zinatokana na tangi. Pampu inayotoa lita 30 kwa dakika inajaza lita 1000 kwa dakika 33. Ikipita 45 bado inazunguka, kuna bomba lililopasuka, boya lililokwama, au pampu inazungusha hewa. Kufuli linafunga na halifunguki hadi mtu abonyeze, hata umeme ukikatika na kurudi. Pima pampu yako kwa ndoo ya lita 20 na saa, kisha badilisha namba.

Mstari wa `timeout` chini ya volti na ampea usiuondoe. Umeme ukikatika, PZEM inanyamaza, na ESPHome inabaki na namba ya mwisho iliyosikia. Utaona volti 221 kwenye simu huku nyumba ni giza tupu, na mfumo utaamini hivyohivyo.

Na `reboot_timeout: 0s`, mahali pote pawili. Bila hiyo, ESP32 isipoipata Wi-Fi au Home Assistant kwa dakika 15 hujizima na kuwaka upya. Pi ikifa, pampu yako itakatizwa kila robo saa na hutaelewa kwa nini.

Unaona pia kwamba uamuzi wote uko ndani ya ESP32. Home Assistant inatazama na kupeleka taarifa tu. Pi inaweza kufa, ruta inaweza kufa, forfeti inaweza kuisha, maji yatapanda.

Kabla ya kuunganisha pampu halisi, weka balbu mahali pake. Zima disjonkta kuu, washa, hesabu dakika 5: balbu iwake. Inua boya la juu kwa mkono: izime papo hapo. Shusha, halafu shusha la chini: izime vilevile. Chomoa Pi: hakuna kitu kibadilike. Chomoa ESP32: balbu izime, na MKONO bado ufanye kazi. Jaribio likishindwa hata moja, usiunganishe pampu.

Kujua tangi lina maji kiasi gani

Boya zinatosha kuendesha. Kihisio cha kina ni cha kukujulisha tu, na kwa maoni yetu ndicho kinachosumbua kuliko vyote. JSN-SR04T, kile cha mawimbi ya sauti kisichoingia maji, kina eneo la upofu la sm 20 hadi 25 mbele yake: maji yakifika humo namba zinaruka ovyo, na unapata tangi "tupu" wakati limejaa hadi mdomoni. Kiinue juu ya kifuniko, angalau sm 25 juu ya bomba la kumwagikia, kikitazama chini kwa unyoofu, mbali na ukuta wa tangi na bomba la kuingizia. Asubuhi za baridi za mwezi wa 6 na wa 7, mvuke hutonea usoni mwake na kusoma kunakwenda kombo mpaka jua lipande. Chukua wastani wa kati wa vipimo vingi, usikubali kimoja kimoja. Waya wake wa kurudisha mwangwi unatoa volti 5. Upunguze kwa rezista za kΩ 1 na kΩ 2 kabla haujagusa ESP32.

Na usiruhusu kihisio hiki kiwashe wala kuzima pampu.

Taa na prizi

Hapa ni kwa haraka. Katika nyumba nyingi za zamani, swichi ya ukutani ina waya mbili tu: fazi inayoingia na fazi inayokwenda kwenye taa. Nyutro haipo. Kirele cha Wi-Fi kinahitaji nyutro ili kiishi, hivyo hakiwezi kukaa nyuma ya swichi. Kiweke juu, kwenye boksi la maungio la dari au kwenye kichwa cha taa, ambako nyutro ipo, na swichi ya ukutani itumike kukiamuru tu. Swichi ibaki. Mgeni na bibi hawana haja ya programu ili waende chooni.

Plagi za Wi-Fi chunguza miguu yake kabla ya kulipa. Bidhaa zinazoingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mara nyingi zina pini tatu bapa za Zambia, au tatu nene za mviringo za Afrika Kusini, na prizi (soketi) za hapa ni za pini mbili za mviringo. Adapta inayolegea haina shida kwa taa ya W 10, lakini resho ya W 2000 inavuta A 9 kwa saa nzima, na plagi iliyoandikwa A 10 inayeyuka pole pole bila kuanguka disjonkta. Resho, pasi na birika viache nje ya mfumo. Kama umeme haupo, mbabula (jiko la makaa) ipo.

Friji ndiyo inayostahili plagi: iwashwe dakika 5 baada ya "Umeme mzuri", ili kompresa isilazimishwe kuanza wakati gesi yake bado ina mgandamizo. Hivyo inakaa nyuma ya pampu, visianze kwa pamoja.

Vile vifaa vinavyodai programu yake ya simu na seva ya nje, viepuke, au chagua vile ambavyo Home Assistant inaviongoza ndani ya nyumba. Siku forfeti imeisha, swichi inayoomba ruhusa ng'ambo ya bahari ni kipande cha plastiki. Karibu vyote hivi vinatumia Wi-Fi ya GHz 2.4 tu, ruta yako ikiunganisha 2.4 na 5 kwa jina moja, vitenganishe kwanza.

Saa na jua

Kwenye Home Assistant chagua `Africa/Lubumbashi`. Ukichagua Kinshasa, kila kitu kitachelewa saa moja, kwa sababu Kinshasa iko saa moja nyuma yetu. Mahali pa nyumba andika latitudo -11.66 na longitudo 27.48. Alama ya kutoa isisahaulike: bila hiyo mfumo unadhani uko kaskazini mwa ikweta, na taa za nje zitachelewa mwezi wa 6 na kuwahi mwezi wa 12.

Pi 4 haina saa ya betri. Ikizimika na kuwaka bila intaneti, inaamini ni siku ile iliyozimika. Moduli ya DS3231 inatibu hilo, kwa mstari `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` ndani ya faili la Pi liitwalo config.txt. Zile moduli za bluu za kawaida zina mzunguko wa kuchaji betri, wakati betri inayowekwa ya CR2032 haichajiki. Ng'oa rezista ndogo iliyo karibu na diodi, la sivyo betri itavimba.

Radi na vumbi

Kuanzia mwezi wa 11 hadi wa 4, radi za Katanga haziulizi. Weka kizuia mshindo cha aina ya 2, volti 275, kA 40, mara baada ya disjonkta kuu, na waya wake wa kwenda ardhini usizidi nusu mita kadiri inavyowezekana, usiopindapinda. Kifaa hicho bila ardhi nzuri ni pambo. Fimbo moja ya m 1.5 inayofanya kazi wakati wa mvua inaweza kuwa haina maana mwezi wa 9 udongo ukikauka. Piga mbili, umbali wa m 3 kati yake, ziunganishwe kwa shaba tupu ya mm² 16, na pima ukingali kiangazi. Dirisha dogo la kizuia mshindo likigeuka jekundu, kipande kimeshajitoa mhanga: badilisha.

Waya mrefu wa kihisio kutoka juu ya mnara hadi ndani ya nyumba ni mkono unaoialika radi. Afadhali ESP32 ya pili juu pale, ndani ya sanduku lake na kishusha volti chake, izungumze kwa Wi-Fi. Mabati na tangi la chuma huzuia mawimbi, kwa hiyo jaribu kwa simu pale pale kabla ya kutoboa chochote.

Vumbi jekundu la kiangazi na sisimizi wanapenda masanduku yenye joto. Kila tundu la waya libanwe kwa mpira wake, na waya ziingie kutoka chini, si juu. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na baada yake: zima disjonkta, fungua, kaza skurubu zote za maungio, futa vumbi kwa brashi kavu, inua kila boya kwa mkono, na bonyeza kitufe cha kujaribu cha diferensiali umeme ukiwa umerudishwa. Ndani ya mlango wa sanduku bandika karatasi yenye mchoro, rangi ya kila waya, na mistari mitatu kwa herufi kubwa: pampu ikigoma, geuza swichi kwenye MKONO, ikigoma bado, angalia maji ya chini, ikinuka, geuza 0 na umwite fundi.